Kamera ya marehemu baba inalia kama paka, nitengeneze au ninunue nyingine?

Mwezi huu nimepokea barua nne za kamera za mkanda na zote zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, nipeleke kwa fundi au niachane nayo. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya zile nyingine kwa kiasi fulani yanatoka humohumo, na acha niseme ukweli, imenigusa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msichana wa miaka 26 niko Tanga. Marehemu baba alikuwa mpiga picha, harusi, mahafali, picha za pasipoti, kila kitu, ametuachia Canon AE-1 na lenzi yake ya 50. Imekaa kabatini tangu nikiwa darasa la tano. Mwaka huu nikainunulia betri na mkanda mmoja wa Kodak wa 35,000. Sasa kila nikibonyeza inatoa sauti kama paka aliyekanyagwa mkia alafu ndio inapiga. Picha zimerudi nyingi ni nzuri kwa kweli ila karibu zote zina mstari wa rangi ya chungwa upande mmoja. Nimempelekea fundi mmoja hapa mjini hata hakuifungua, kaniambia hiyo imeshakufa na spea hazipo. Kuna kaka mtandaoni anauza AE-1 kama hiihii kwa 380,000 anasema inafanya kazi safi kabisa. Mama anasema nisipoteze hela nipige kwa simu. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa baba.

Kamera haijafa. Kamera iliyokufa hailii, na wala haikupi picha nyingi nzuri kwenye mkanda wa kwanza baada ya kulala miaka yote hiyo. Ulichonacho ni magonjwa mawili ya uzee, yote mawili yanajulikana, na hakuna hata moja linalohitaji spea ya kiwandani, kwa hiyo huyo fundi aliposema spea hazipo alisema kweli ila amejibu swali ambalo hukumuuliza.

Tuanze na paka. AE-1 ilitoka mwaka 1976, ilikuwa SLR (kamera ya kulenga kupitia lenzi yenyewe) ya kwanza kuwa na kiprosesa ndani yake, na zilitengenezwa nyingi mno ndio maana mpaka leo zimejaa makabatini. Ndani, pembeni mwa kile kioo kinachoruka juu ukibonyeza, kuna gia ndogondogo ambazo kazi yake ni kukituliza kioo kisijigonge. Mafuta ya hizo gia yalipakwa kiwandani kabla wewe hujazaliwa na sasa yamekauka, basi zinasagana kavukavu na ndio hiyo sauti unayoisikia. Wenye AE-1 dunia nzima wanaijua, wengine wanaiita kikohozi. Ukiiacha itaendelea kuwa kubwa na kioo kitazidi kuwa kizito kupanda, ukiitibu mapema ni tone moja tu la mafuta mepesi. Tone moja nimesema! Mafuta yakizidi yatatambaa mpaka kwenye mapazia ya shata (yale yanayofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye mkanda) na kwenye sumaku zinazoyashikilia, na hapo ndio utakuwa umeiua kweli. Yeyote atakayekuja na kopo la WD-40 anataka kupulizia, mnyang'anye kamera yako uondoke.

Nani aifanye? Kama Tanga hujampata fundi kamera, tafuta fundi saa. Sio utani. Fundi saa wa zamani, wale wa meza ya kioo na lenzi ya jichoni, ana bisibisi za saizi hiyo, ana mafuta mepesi, ana sindano ya kudondoshea, na ana mkono ambao hautetemeki. Akubaliane na wewe kitu kimoja tu, kwamba hagusi waya wala kitu chochote cha umeme, anafungua kifuniko, anazifikia gia, anadondosha, anafunga. Na aandike kwenye karatasi kila skurubu imetoka wapi, maana humo hazilingani urefu.

Sasa huo mstari wa chungwa. Kabla hujamlipa mtu yeyote chukua negativu zako uziangalie dirishani. Mstari utauona kama alama nyeusi, kwa sababu negativu inageuza. Swali ni je alama inaishia kwenye mpaka wa picha au inavuka mpaka kwenye ile pembe yenye vitundu? Ikivuka mpaka kwenye vitundu, mwanga unaingia kupitia mlango wa nyuma. Ikiishia ndani ya picha, angalia upande wa shata. Nina uhakika wa karibu kabisa kwamba yako inavuka. Ukifungua ule mlango utaona kwenye mifereji na pale kwenye bawaba kulikuwa na sponji nyeusi, iguse kwa kidole, kama inanata kama lami ya barabarani saa nane mchana basi imeshaoza. Zote za umri huo zinaoza hata zisipotumika, kukaa kabatini hakukuisaidia kitu.

Ukitaka kuhakikisha bila kumlipa fundi, weka mkanda, alafu ziba maungio yote ya mlango wa nyuma kwa ile tepu nyeusi ya mafundi umeme, piga picha kumi na kitu juani. Mstari ukipotea umeshapata jibu.

Hii ya sponji unaweza kuifanya mwenyewe mezani kwa mama. Kijiti cha meno, pamba na spiriti, unatoa ule uchafu polepole (kamera uiinamishe, makombo yadondoke chini yasiingie kwenye shata), usiguse shata, usiguse kioo, na kile kioo cha juu cha kulengea picha usikisogelee kabisa na spiriti kwa sababu ni plastiki, itakwaruzika na utakuwa unaiona hiyo alama maisha yako yote. Ukimaliza unalaza uzi mweusi wa sufu, ule wa kufumia sweta, ndani ya mifereji, na pale kwenye bawaba unabandika kipande cha kitambaa cha mahameli nyeusi. Watu wanafanya hivi miaka mingi na inazuia mwanga vizuri tu. Gharama yake sidhani kama itafika hata nauli yako ya kwenda Muheza na kurudi.

Haya sasa tuje kwa huyo kaka wa 380,000, na hapa ndio naomba unisikilize. Kamera anayokuuzia imetoka kwenye mashine zilezile, ina umri uleule, ina sponji ileile na gia zilezile. Anaposema inafanya kazi safi mara nyingi maana yake ni kwamba aliweka betri akabonyeza ikasema klik. Muulize sponji zimebadilishwa lini na nani, akutumie video mlango wa nyuma ukiwa wazi anapiga, sauti isikike, na akuonyeshe picha za mkanda wa mwisho uliopita humo. Akiwa na majibu hayo, sawa, huyo anauza kamera. Akianza kusema "dada we njoo tu uione" basi anakuuzia ugonjwa wako huohuo kwa 380,000, alafu wa kwako angalau unajua historia yake, unajua nani alikuwa anaishika.

Kuna wakati ningekwambia nunua. Umeweka betri mpya ya volti 6, ile 4LR44, umebonyeza kitufe cha kupimia betri hakuna kitu, umesafisha vile vibati vya betri kwa siki kidogo na pamba bado hakuna kitu. AE-1 bila umeme haipigi hata picha moja, shata yake inasubiri amri ya umeme, na ile sakiti hakuna anayeitengeneza tena, spea yake pekee ni maiti ya AE-1 nyingine. Hapo usimlipe mtu kuhangaika. Lakini hata hapo unanunua bodi tu bila lenzi, lenzi ya baba inabaki, na uwe makini, lenzi yako ni ya mlango wa FD (mlango hapa ni pale lenzi inapofungwa kwenye kamera), Canon waliuacha mlango huo mwaka 1987 walipoleta kamera za EOS, kwa hiyo usije ukanunua EOS ya mkanda kwa bei poa ukidhani itaingia. Haiingii.

Na kabla hata hujampelekea fundi saa, ipime hivi. Toa mkanda, fungua nyuma, zungusha lenzi itoke kwenye A iende 1.8, ielekeze dirishani, weka spidi ya 1000, bonyeza ukiwa unatazamia kwa nyuma, simu yako irekodi kwa mwendo wa polepole. Unatakiwa uone mstatili mzima umemulika. Upande mmoja ukibaki giza, mapazia ya shata hayaendi pamoja na hiyo ni kazi ya fundi wa kamera hasa, sio wa saa. Alafu weka sekunde 2 uhesabu na saa. Hivyo vyote vikiwa sawa, mimi binafsi ningekuwa tayari kumlipa fundi mpaka theluthi ya hiyo 380,000 na bado ningelala usingizi.

Mlango wa betri usiufungue kwa kuulazimisha na ukucha, ni plastiki na AE-1 nyingi unaziona zimefungwa raba bendi kwa sababu hiyo. Na mama muonyeshe picha zilizotoka vizuri, usibishane naye.

SWALI: Assalamu alaykum. Niko Mombasa, nina Pentax K1000 nimeipata kwa ami yangu. Bodi iko sawa lakini ndani ya lenzi kuna kitu kama utando wa buibui. Nimeambiwa ni ukungu na kwamba utahamia kwenye kamera nzima, bora niitupe yote. Kweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waalaykum salaam kaka. Usitupe chochote. K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997 karibu bila kubadilishwa, na sababu ni kwamba haina la kuharibika sana, shata yake inaendeshwa na gia na springi tupu, betri ikifa inaendelea kupiga spidi zote, betri ni ya kipima mwanga peke yake. Bodi ya hiyo ukiitunza itakuzika.

Lenzi ni habari nyingine. Mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Utando ukiwa mwembamba na pembeni, mwache, picha haitaujua. Ukiwa katikati na mzito, fundi anaweza kuifungua akafuta, lakini ukungu ukikaa sana unakula ile rangi iliyopakwa juu ya kioo na pengine kioo chenyewe, na hapo ukifuta ukungu unabaki na makovu yake. Sasa hesabu ni rahisi, kama yako ni ile ya kawaida ya K1000, 50 mm f/2, ni miongoni mwa lenzi za Pentax za bei ya chini kabisa, gharama ya kuifungua na kuisafisha inaweza ikapita bei ya nyingine iliyo safi. Ibadilishe lenzi. Mlango wa K upo tangu 1975 na Pentax bado wanautumia, hutakosa.

Kuhamia: mbegu za ukungu ziko hewani kila mahali, hasa huko kwenu, kinachoziamsha ni unyevu na giza. Adui yako ni ule mkoba wa ngozi aliokupa ami pamoja nayo, ngozi inanyonya unyevu wa bahari na kuushikilia. Weka kamera kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu. Mchele usiweke, una vumbi. Na lenzi uifunike kila ukimaliza kupiga, K1000 haina swichi ya kuzima kipima mwanga, ikiona mwanga inakula betri.

SWALI: Sasa fundi, niko na Olympus mju II, ilianguka nikishuka matatu na tangu hiyo siku haiwaki. Jamaa wa kutengeneza simu ameniambia ataifungua kwa bei ya chini. Nimpee? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Usimpee. Ndani ya hizo kamera ndogo za flashi kuna kapasita ambayo inaweza kuwa imebeba volti kama 300 hata kama kamera haiwaki, mtu wa simu amezoea volti 4, atapigwa shoti hadi aitupe ukutani. Pia humo kila kitu kimeunganishwa na vile vikebo vyembamba kama utepe, vikichanika ndio basi.

Jaribu mambo mawili wewe mwenyewe: betri mpya ya CR123A, isiwe ya kubahatisha, na usafishe vibati vyake na raba ya kufutia penseli. Alafu ule mfuniko wa mbele ndio swichi, angalia kama unateleza mpaka mwisho ama umepinda ulipoanguka. Ikikataa, replesi, yaani nunua kamera nyingine, na sisemi hivyo mara nyingi. Lakini usirudi kununua mju II nyingine, bei zake zimepanda kupita kiasi na ikianguka utakuwa hapahapa. Tafuta kompakti yoyote ya plastiki ya miaka ya tisini ambayo hakuna mtu anaitamani. Ukitaka mpya kabisa kutoka dukani, Pentax walitoa Pentax 17 mwaka 2024, inagawa kila picha nusu kwa hiyo mkanda wa 36 unakupa 72, ila ilitoka ikiwa karibu dola 500, na hiyo ni pesa ya mikanda mingi sana.

SWALI: Mimi ni mstaafu, niko Dodoma. Nina Zenit-E niliyoinunua Dar mwaka 1979. Kipima mwanga hakisogei tena. Fundi anataka 150,000 abadilishe, au nisubiri kijana wangu aniletee kamera nyingine kutoka nje. Naomba ushauri. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hiyo 150,000 ikae mfukoni. Kipima mwanga cha Zenit-E hakina betri, kinaendeshwa na kile kioo cha seleni kilicho juu ya lenzi, na seleni huchoka kwa miaka. Hata huyo fundi akipata kingine atakitoa kwenye Zenit ya umri huohuo, kwa hiyo unanunua uzee kwa uzee. Na kizuri ni kwamba kipima mwanga hakikuunganishwa na shata, kamera inapiga kama kawaida, kilikuwa kinakushauri tu.

Nina hakika hii uliijua zamani: mkanda wa ISO 100, jua kali la Dodoma, tundu la lenzi f/16 na spidi 125. Kukiwa na wingu jepesi shuka f/11, kivulini f/5.6 au f/4. Mjukuu anaweza pia kukuwekea kwenye simu programu ya kupimia mwanga, ziko za bure.

Kama una hela ya kutumia kwa hiyo kamera, itumie kwenye mapazia ya shata. Ni kitambaa kilichopakwa mpira na baada ya miaka zaidi ya arobaini mpira unapasuka. Ingia chumba chenye giza, toa lenzi, fungua nyuma, mulika tochi kwa mbele. Ukiona nyota ndogondogo, hizo ndizo zinakuwa madoa meupe kwenye picha, na hiyo ndiyo kazi ya kumlipa fundi. Usipoziona, kijana wako mwambie asilete kamera, alete mikanda.

Jambo moja tu mzee, kama lenzi iliyo mbele yake imeandikwa Helios 44-2, wapiga video za harusi wanaitafuta siku hizi wanaifunga kwenye kamera zao za kidijitali kwa sababu mandhari ya nyuma inatoka kama inazunguka. Akija kijana mpole kukuomba umuuzie "hicho kilenzi cha zamani" kwa elfu ishirini, mkaribishe chai, lenzi usimpe.